Yule Si wa Bara, Yule Ni Fundi Wetu

Ilikuwa baada ya Alasiri. Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya nyumba na kivuli kimefika hadi daka la ami yangu, pale Mkomani, hapa Lamu, tunapokaa kila siku. Tulikuwa watu watano na sahani moja ya viazi karai, ukwaju pembeni. Akaja binti wa chuo kikuu na hojaji zake. Akasalimu, akakaribishwa, akaketi kwenye baraza ya upande wa pili.

Ami yangu macho yamechoka, hasomi tena maandishi madogo. Binti akawa anamsomea.

"Mzee, je, ungekubali kula sahani moja na mtu aliyetoka bara?"

"Abadan."

"Ungekubali awe jirani yako?"

"Abadan, mwanangu. Andika abadan hapo, usiandike jengine."

Binti akaandika. Hakubisha, hakukunja uso. Ami akaendelea hivyo mpaka swali la mwisho, mengine hakungoja yamalizike kusomwa.

Haikupita robo saa, punda wawili wakatokea kichochoroni wamebeba mchanga, nyuma yao fundi. Fundi huyu kwao ni Mpeketoni. Kazaliwa huko, wazazi wake walihamia kutoka mkoa wa Kati. Ami alipomsikia akiwaamrisha punda, aliinua kichwa.

"Fundi! Ndoo ule, viazi vyapoa."

Fundi akawafunga punda, akanawa, akaketi ubavuni mwa ami. Mikono miwili kwenye sahani moja. Ami akamsogezea ukwaju.

Binti alitazama sahani, akatazama karatasi yake. Hakufuta kitu.

Fundi alipokwenda zake nilimuuliza, "Ami, si sasa hivi umesema huwezi kula na mtu wa bara?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la babake.

"Yule si wa bara," akasema. "Yule ni fundi wetu."

Karatasi yangu

Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa ya ami. Ningeiandika siku ile ile, watu wangecheka, ingekwisha. Lakini wiki saba zimepita na sijaweza, kwa sababu na mimi nilijaza hojaji.

Mimi nasoma mwenyewe. Niliichukua karatasi nikaweka alama: nakubali kabisa, nakubali kabisa, nakubali kabisa. Kulikuwa na swali lililouliza kama ningekuwa na chumba cha kupangisha, ningempa mtu wa bara. Nakubali kabisa. Mkono haukusita.

Nina chumba cha kupangisha. Chumba cha chini katika nyumba ya marehemu mamangu, kina mlango wake na choo chake. Mwezi wa Machi alinipigia simu mwalimu mmoja, mwanamke, amehamishiwa shule ya hapa mjini. Alikuwa amepewa namba yangu na mtu. Tukaongea vizuri: kodi, maji, taa. Akasema atakuja kukiona kesho yake. Nikamuuliza jina.

Akanitajia.

Nikamwambia, "Samahani mwalimu, nimekumbuka sasa hivi, kile chumba kimeshachukuliwa."

Hakikuwa kimechukuliwa.

Historia ya ardhi sitaieleza hapa, wala mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, wala miezi ya kafyu iliyofuata. Anayenisoma anayajua, na wengi mnayajua kuliko mimi. Nasema tu kwamba yote hayo yalikuwepo kwenye ile simu, yamejificha ndani ya jina moja.

Wasafiri watatu

Usiku wa ile hojaji nilikumbuka utafiti niliousoma miaka mingi nyuma, nikautafuta tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mwanasosholojia Mmarekani Richard LaPiere alizunguka Marekani kwa gari pamoja na kijana wa Kichina na mkewe. Zilikuwa nyakati ambazo chuki dhidi ya Wachina nchini humo ilisemwa waziwazi, bila haya. Walikwenda maili kama 10,000, wakaingia hoteli, nyumba za wageni na mikahawa 251. Walikataliwa mara moja tu.

Miezi sita baadaye LaPiere aliwaandikia barua wenye mahali pale pale, akiwauliza kama wangewapokea Wachina. Waliojibu walikuwa 128. Zaidi ya asilimia 90 wakasema hapana.

Aliuchapisha utafiti wake mwaka 1934, na tangu hapo watu wa saikolojia hawajaacha kuugombania. Wengine husema aliyejibu barua huenda si yule aliyesimama mlangoni siku ile. Wengine husema wale wageni walivaa vizuri, walisema Kiingereza safi, na walikuwa na mzungu pembeni. Hoja hizo naona zina uzito. Baadaye, mwaka 1977, Icek Ajzen na Martin Fishbein walipitia tafiti nyingi za aina hii wakaonyesha jambo ambalo likishasemwa huonekana wazi: ukimuuliza mtu juu ya kundi zima, usitaraji jibu lake likuambie atamtendea nini mtu mmoja, siku moja, mahali pamoja. Swali na kitendo havikupimwa kwa pishi moja.

Ami aliulizwa juu ya "mtu wa bara". Aliyekuja na punda alikuwa mtu mwengine kabisa kichwani mwake: aliyemrudishia dari mvua ilipoozesha boriti, aliyekuja usiku birika lilipopasuka, aliyefika mazishini kwa shangazi akabeba jeneza.

Lakini hebu nitazame mimi. Wale wenye hoteli maneno yao yalikuwa mabaya na vitendo vyao vizuri. Ami vivyo hivyo. Mimi maneno yangu ni mazuri.

Kati yetu wawili, mwalimu yule angekuwa salama zaidi kwa nani?

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Maisha yangu yote nimemhesabu ami kuwa mtu wa zamani mwenye ubaguzi, na mimi kuwa mtu niliyesoma.

Chokaa

Kuna jambo la kuongeza, na ni zito kulitoa.

Baada ya ile simu, chumba kilibaki kitupu. Sikuwa na mpangaji, na sikuwa na sababu ya kutokuwa na mpangaji. Siku chache baadaye nilijikuta nikimwambia mke wangu kwamba chumba hakifai, kuta zimeota chumvi, lazima kitengenezwe kwanza. Nililisema na nikaliamini. Nikamwita fundi. Ndiyo, huyu huyu. Akakwangua kuta, akapaka chokaa siku tatu, nikamlipa, nikaona nimefanya jambo la maana.

Chumba kilikuwa hakina ubaya wowote.

Mwaka 1959 Leon Festinger na James Carlsmith walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Waliwapa kazi ya kuchosha kwa saa nzima, sehemu yake kugeuza vigingi kwenye ubao, robo mzunguko kila kimoja, kisha kuanza tena. Mwisho wakawaomba wamdanganye mwanafunzi anayefuata, wamwambie kazi ni ya kupendeza. Baadhi walilipwa dola 20 kwa uongo huo. Baadhi walilipwa dola 1.

Walipoulizwa baadaye waliionaje ile kazi, wa dola 20 hawakuiona ya kupendeza. Wa dola 1 ndio walioisifu.

Festinger alieleza hivi: aliyelipwa vizuri anayo sababu ya uongo wake, iko mfukoni. Aliyedanganya kwa senti haba hana pa kujishika, basi moyo unaugeuza uongo kuwa ukweli ili upate kupumzika.

Mimi nilidanganya bure. Hakuna aliyenilipa hata dola hiyo moja. Kwa hivyo nilijenga ukweli mzima juu ya uongo ule, na ukweli wenyewe nikaupaka chokaa, kwa mikono ya mtu wa bara.

Sijui kama fundi angetaka kujua. Nimefikiria kumwambia mara nyingi.

Ua unaosogezwa

Nirudi kwa ami, maana simtaki abaki shujaa. Hilo nalo si kweli.

Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Harvard, alieleza mwaka 1954 jinsi akili inavyolinda chuki isiguswe na ushahidi. Mtu ana ua wake kichwani: hawa ndani, wale nje. Akikutana na mtu wa nje ambaye ni mwema, haubomoi ua. Hufungua nafasi kidogo, mwema anapita, kisha ua unafungwa tena haraka. "Yule si wa bara" ni hivyo hasa. Fundi ameingizwa, na makuti yamerudishwa mahali pake.

Allport huyo huyo ndiye aliyesema kwamba watu wa makundi mawili wakikutana, chuki inaweza kupungua, ila kwa masharti: wawe na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka wawaunge mkono. Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 juu ya jambo hili, wakachapisha matokeo mwaka 2006, na kwa jumla kukutana kunasaidia.

Kwa hivyo nilijiambia, basi dawa ipo. Watu wakae pamoja.

Kisha nikasoma kuhusu mpira wa Iraki, nikarudi nyuma.

Salma Mousa alifanya utafiti kaskazini mwa Iraki, kwa Wakristo waliokuwa wamefurushwa makwao na vita vya ISIS. Aliandaa ligi za mpira. Timu nyingine zilibaki za Wakristo watupu, nyingine ziliongezewa wachezaji Waislamu, zikichaguliwa kwa bahati nasibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliocheza na Waislamu walikuwa wepesi zaidi kumpigia Muislamu kura ya mchezaji mwenye nidhamu, walitaka timu ya mchanganyiko msimu uliofuata, na miezi sita baadaye walikuwa bado wanafanya mazoezi pamoja. Lakini kwa Waislamu wasiowajua, kwenda kula Mosul kwa mfano, hawakubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Mwenzako wa timu ni mwenzako wa timu.

Fundi wetu ni fundi wetu.

Na hata hadhi, hebu tuiseme wazi. Ami akiketi na fundi, ami ndiye mwenye daka. Fundi anakaribishwa. Sijawahi kuona fundi akimkaribisha ami kwake, na sijawahi kusikia ami akiuliza njia.

Baraza niliyoibeba kichwani

Kwa nini nilimkataa mwalimu?

Nimejiuliza kwa uaminifu wote nilio nao. Simchukii. Sikuogopa kodi yake wala chakula atakachopika. Nilipojirudisha kwenye ile simu, sekunde ile aliponitajia jina, nilichosikia si sauti yangu. Nilisikia baraza. Niliona ami akinyamaza nikipita. Nilisikia mtu akisema "nyumba ya marehemu fulani, leo imekuwa hivi".

Hakuna aliyewahi kuniambia hayo. Hata mmoja. Niliwasemea.

Elizabeth Levy Paluck alikwenda Rwanda miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari. Kulikuwa na mchezo wa redio uliotungwa kwa ajili ya maridhiano, kuhusu vijiji viwili vyenye uhasama. Kwa mwaka mzima vikundi vya watu walisikiliza mchezo ule kwa kaseti, na vikundi vyengine vilisikiliza mchezo wa mambo ya afya. Mwisho, imani za watu za moyoni hazikuwa zimebadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona kawaida ya watu wao: kama kuoana na kuaminiana ni jambo linalokubalika, kama mtu anaweza kusema asichokubaliana nacho. Na vitendo vyao vikafuata huko. Paluck aliyachapisha hayo mwaka 2009.

Mara ya kwanza kuyasoma nilivunjika moyo. Mwaka mzima, na mioyo iko vile vile? Mara ya pili nikaona kinyume chake. Watu walitenda tofauti bila kusubiri mioyo yao ifike.

Na Saudia, watafiti watatu, Leonardo Bursztyn, Alessandra González na David Yanagizawa-Drott, waliwauliza wanaume 500 waliooa, wa Riyadh, kama mwanamke aruhusiwe kufanya kazi nje ya nyumba. Wengi sana, kwa siri, walisema aruhusiwe. Walipoulizwa wenzao chumbani mle wanasemaje, wengi walikadiria chini: kila mmoja akidhani yeye ni wa wachache. Baadhi yao walipoambiwa hesabu ya kweli, walioandikisha wake zao kwenye huduma ya kutafutiwa kazi walipanda kutoka asilimia 23 hadi 32. Utafiti huo ulitoka mwaka 2020. Hakuna aliyehubiriwa. Waliambiwa tu jirani zao wanafikiri nini.

Sitaki kuikokota Lamu kwa nguvu ndani ya hesabu za Riyadh. Inawezekana watu wa baraza yetu wanafikiri hasa ninavyodhani wanafikiri. Inawezekana ni wakali zaidi. Ninachojua ni kwamba sikuwahi kuuliza, na kwa ajili ya jibu ambalo sikuliuliza, nilimfungia mtu mlango.

Mji huu umewahi kupita njia hiyo. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, aliwafundisha dini watumwa na watoto wa watumwa, watu ambao wenye mji hawakutaka kuketi nao darasani. Alisemwa, akapingwa. Leo Maulidi yakifika, wajukuu wa waliompinga wanasukumana kupata nafasi uani mwa Riyadha, msikiti wake, na kila mmoja wetu husema "Habib wetu". Sidhani mioyo yote ilisafika siku moja. Nadhani kwanza watu waliona wenzao wakienda.

Ijumaa

Ijumaa iliyopita, kahawa ikizungushwa, nilisema. Sikuwa nimepanga maneno.

"Kile chumba changu cha chini ki tupu. Machi alikitaka mwalimu wa bara nikamdanganya kimechukuliwa. Nilifanya vibaya. Safari hii atakayekuja na kodi yake nitampa, awe wa wapi."

Kimya. Kikombe kiligonga sahani.

Mzee mmoja, jirani wa nyuma, akauliza kodi ni ngapi. Mwengine akasema walimu ni wapangaji wazuri, mishahara yao ina tarehe. Mwengine alisema, bila kuinua sauti, kwamba nyumba ya mtu ni amana ya waliokufa, na akaondoka kabla ya Magharibi. Maneno yake yaliniingia. Alimpenda mamangu.

Ami hakusema kitu. Siku ya tatu alimtuma mjukuu wake kuniuliza kama choo cha chini kina maji, maana fundi ana mpwa wake anakuja kutafuta kazi.

Nilikwenda mwenyewe. "Ami, huyo mpwa ni wa bara."

"Ni mpwa wa fundi," akasema.

Sikubishana naye. Nilimwambia angoje kwanza, kuna mtu ambaye lazima nimuulize kabla yake.

Boti

Namba ya mwalimu ilikuwa bado kwenye simu. Nilimpigia Jumatatu jioni. Nikajitambulisha, nikamwambia kwamba mwezi wa Machi nilimdanganya, na kwamba naomba radhi.

Alinyamaza kidogo.

"Nilijua," akasema. "Sauti yako ilibadilika nilipokutajia jina."

Nilikuwa sina la kujibu hilo. Nikamuuliza alipata mahali wapi. Akasema amepanga Mokowe, anavuka kila asubuhi kwa boti. Siku za upepo anafika kazini sketi imelowa maji ya chumvi, anakaa nayo hivyo hivyo mpaka ikauke.

Nikamwambia chumba kiko wazi, kwa kodi ile ile, kama bado anakitaka.

Akanishukuru. Akasema ana madaftari ya kusahihisha. Kisha akasema boti ya saa kumi na mbili na nusu ameshaizoea, nahodha humwekea nafasi.